Mama Mlio na Redio Kumi na Nane

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye karakanani aweke nyundo chini kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakupenda maneno mengi, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Nimesema nitajitahidi. Sikuahidi.

Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi, akiwa nyumbani kwake, alifariki dunia Mama Mlio. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa fundi wa redio za upepo katika kituo cha umeme. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Mlio, fundi wa redio za upepo, kituo cha umeme, miaka ishirini na minane. Ameacha mume na binti mmoja.

Redio ya upepo mnaijua. Ni ile ya mkononi, yenye antena fupi na kitufe ubavuni. Unabonyeza, unasema. Unaachia, unasikiliza. Ukiwa unasema husikii, ukiwa unasikia husemi. Ndoa zote zingeendeshwa hivyo, mahakimu wangelala usingizi.

Sasa redio hii ina mipaka yake. Ukisema mfululizo dakika nzima, inakukatia. Ukiibonyeza bila antena, unaiunguza mwenyewe. Na betri ikishuka chini ya kiwango chake, inakataa kurusha sauti. Lakini, na hapa naomba tusikilizane vizuri, inaendelea kupokea. Unawasikia wenzako wote, neno kwa neno. Wao hawakusikii hata kidogo. Narudia: unawasikia, hawakusikii.

Ndiyo maana waliotengeneza redio hizo wakaweka mlio. Mlio mfupimfupi maana yake betri inaelekea kuisha. Mlio mrefu unapobonyeza maana yake sauti yako haitoki, usijisumbue. Na kuna kitaa chekundu juu, karibu na antena, nacho kinakonyezakonyeza.

Mama Mlio alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba. Wakati huo hakuwa mama wa mtu, wala hakuitwa Mlio. Mafundi wa laini, wale wanaopanda nguzo, walimwita Dada Fundi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, dirisha moja, meza moja ndefu iliyojaa alama za kuungua. Ukutani kulikuwa na chaja zenye mashimo kumi na nane, kwa sababu kituo kilikuwa na redio kumi na nane. Chini ya meza kulikuwa na kopo la biskuti la bati. Humo alitupia betri zilizokufa na zile zilizokaribia kufa.

Binti yake, ambaye leo ni fundi cherehani, ananiambia, "Mama alikuwa mpole mno siku hizo. Alikuwa mgeni, mwanamke peke yake kati ya wanaume arobaini. Alitaka apendwe. Ameniambia mwenyewe, wala hakuficha. Alisema, 'Mwanangu, nilitaka wanipende kuliko nilivyotaka wanisikilize.'"

Basi mafundi wa laini wakamjia. Unajua wanaume wakiamua kulalamika. Redio zinatupigia kelele! Mtu yuko juu ya nguzo, mikono yote miwili ina kazi, kitu kinalia kifuani pii, pii, pii. Mmoja akamwambia, "Dada Fundi, redio hii ina maneno kuliko mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu umemsikia." Mwingine alidai mlio umemfanya adondoshe koleo. Wakamzunguka pale mezani, wakambembeleza, wakamletea soda. Soda yenyewe moja, na walishaionja.

Dada Fundi akaziunganisha redio na kompyuta kwa waya, moja baada ya nyingine. Alama moja tu kwenye skrini, mlio unazimwa. Redio ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na nane. Akawaambia, "Taa nyekundu nimewaachia. Muwe mnaitazama." Wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Wiki hiyo alikuwa malkia wa kituo.

Ila kuna jambo hakulijua, kwa sababu hakuwahi kwenda nao kazini. Kila fundi alikuwa ameivalisha redio yake ganda la ngozi, isikwaruzike. Ganda lenyewe lilipanda mpaka shingoni mwa antena. Kitaa kilikuwa ndani ya ganda, wasikilizaji wapendwa. Wakati huo hakuna aliyekuwa akikiona.

Wiki tatu zikapita, salama salimini. Ikaja siku ya Alhamisi. Kulikuwa na fundi wa laini mmoja, kijana mrefu kweli, wenzake wakimwita Ngazi. Walimtania kwamba kituo kimeokoa gharama, akija yeye hawana haja ya kubeba ngazi. Alfajiri hiyo Ngazi alikuta betri yake haina chaji. Alisahau kuiweka, na Dada Fundi alikuwa hajafika. Akainama chini ya meza, akafungua lile kopo la biskuti, akachukua betri namba saba, akaichomeka kwenye chaja. Baada ya muda, taa ya kijani. Akaandika kwenye daftari la asubuhi, "Ngazi, betri 7," akaenda zake.

Namba saba! Dada Fundi alikuwa ameipima jana yake. Aliwahi kuniambia mwenyewe, "Saba alikuwa mnafiki. Kwenye chaja anachekacheka, ukimpa kazi anakukimbia." Alipanga kuifunga utepe mwekundu ili asiiguse mtu. Akajisemea, nitaifunga kesho.

Sasa nisikilizeni taratibu. Kazi ya Ngazi ilikuwa kubadilisha kikombe cha nguzo kilichopasuka, kile cha kauri kinachoshikilia waya. Umeme wa laini nzima ulikuwa umezimwa. Saa nne na robo alimaliza, akashuka, akaondoa waya aliokuwa amefunga wa kuupeleka umeme ardhini, akaita kituoni: "Ngazi hapa. Kazi imekwisha, nimeshuka." Kituo kikamjibu, kikamsikia vizuri kabisa. Lakini alipotazama juu akaona kibano kimoja cha waya hakijakaa sawa. Roho yake ikakataa kuondoka. Akapanda tena. Akiwa juu akabonyeza redio akasema, "Ngazi hapa, nimerudi juu. Msiwashe. Narudia, msiwashe."

Sauti haikutoka. Betri ilikuwa imeshuka chini ya mpaka, redio imekataa. Ilipaswa kulia mlio mrefu. Haikulia. Na papo hapo akasikia mwongozaji wa zamu akisema, "Sawa, nimekupata." Alikuwa anamjibu fundi wa gari jingine, upande mwingine kabisa wa mji. Ngazi akadhani ni yeye anajibiwa. Akaendelea na kazi.

Kituoni huku presha ilikuwa juu. Laini ile ndiyo iliyopeleka umeme hospitali. Hospitali ilikuwa inaendeshwa na jenereta tangu asubuhi, na jenereta imeanza kukohoa. Mkuu wa kituo alikuwa kwenye simu, anasema ndiyo, ndiyo, dakika mbili tu. Mwongozaji wa zamu, ambaye wenzake walimwita Bwana Zamu, alikuwa amesimama mbele ya swichi, karatasi mkononi. Kila fundi alishasema amemaliza. Kila jina lilikuwa na alama ya vema.

Dada Fundi alikuwa chumbani kwake anafanya usafi. Akavuta kopo la biskuti afagie. Likaja jepesi. Akahesabu betri. Akafungua daftari. Ngazi, betri 7.

"Nilimsikia kabla sijamwona," Bwana Zamu ananiambia. Sasa ni mstaafu, anafuga kuku, na sauti yake bado ni ile ya kutoa amri. "Alikuja mbio ukumbini, kiatu kimoja kimemvuka. Akasema, 'Usiwashe! Mwite Ngazi kwanza!' Nikamwambia Ngazi ameshashuka, nina saini yangu hapa. Akasema, 'Mwite!' Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Nikamwambia, unaona? Ameshaweka vyombo kwenye gari, anarudi. Akasema, 'Ana betri mbovu. Huenda anaongea na hatumsikii.' Nikamwambia, basi redio ingemwonya. Akanitazama. Uso ukamshuka. Akasema, 'Haitamwonya.' Nikamuuliza kwa nini. Akanifokea, dada yule mpole, 'Haitamwonya, nakwambia!' Kisha akasimama kati yangu na swichi."

Mkuu akapaza sauti kutoka kwenye simu, "Mnangoja nini?" Dada Fundi hakusogea. Hospitali inangoja, mkuu anafoka, na yeye hana uhakika! Huenda Ngazi yupo garini anakula karanga. Huenda yeye Dada Fundi anaichelewesha hospitali bure, na mgonjwa akadhurika kwa ajili yake. Mgongo wake, asema Bwana Zamu, ulikuwa umeegemea ile swichi.

Wakaita gari lililokuwa karibu na nguzo ile. Dereva akaambiwa aende mbio akatazame. Dakika sita. Bwana Zamu anasema dakika sita zile alizeeka, na akamwona na Dada Fundi akizeeka pembeni yake. Kisha redio ikakwaruza, dereva akasema: "Yuko juu. Narudia, yuko juu. Kashika waya kwa mikono miwili, anakaza kibano. Anapiga mluzi."

Dada Fundi akakaa sakafuni palepale.

Ngazi akateremshwa, umeme ukawashwa, hospitali ikapata, jenereta ikapumzika. Mtu hakufa, wasikilizaji wapendwa. Narudia, siku ile mtu hakufa. Ngazi mwenyewe alirudi kituoni amevimba kwa hasira. "Nimesema niko juu! Mara mbili nimesema!" Mpaka alipoonyeshwa betri. Hapo ndipo akaomba maji.

Jumatatu kikaitwa kikao. Kabla hawajaingia, Bwana Zamu alimvuta Dada Fundi pembeni, kwa nia njema kabisa. Akamnong'oneza, "Sema betri. Betri inatosha. Kijana mwenyewe aliichukua bila ruhusa, akapanda bila kufunga waya wake. Mambo ya mlio nani atayajua?"

Na kweli, nani angejua? Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Alikuwa anamtunza baba yake mgonjwa kwa mshahara ule. Neno moja lingeweza kumfukuzisha. Akamjibu Bwana Zamu, "Na zile kumi na saba zilizobaki?"

Maana redio kumi na saba nyingine zilikuwa bado bubu, vifuani mwa watu, juu ya nguzo.

Akaingia, akasimama, akasema mbele ya wote, "Mlio nimeuzima mimi. Kwenye redio zote. Niliombwa, lakini aliyeombwa ana kichwa chake. Naomba urudishwe kwenye zote leo kabla hamjaniamulia mimi." Mafundi wa laini walioleta soda wakatazama viatu vyao. Mmoja wao, yule wa mama mkwe, akasimama akasema, "Tulimbembeleza sisi." Wengine wakasimama baada yake. Ngazi akasimama wa mwisho, na akisimama Ngazi kila mtu anaona. Akasema, "Mimi sikufunga waya wangu. Niandikeni na mimi."

Hawakumfukuza. Walimpa barua ya onyo kali, na kwa miaka mitano hakupandishwa cheo. Barua ile aliikunja akaiweka ndani ya kopo la biskuti. Siku hiyohiyo alirudisha mlio kwenye redio zote, kisha akabeba maganda yote ya ngozi kwa fundi viatu, yakatobolewa yote kumi na nane, tundu mahali pa kitaa. Betri mbovu akazifungia kabatini kwa kufuli. Na kuanzia wiki hiyo, kila Jumatatu, aliwakusanya mafundi uani, akawafundisha sauti. Anaigiza kwa mdomo wake mwenyewe! Pii pii pii, hii ni nini? Betri! Piiiiii, na hii? Sauti haitoki! Mafundi walicheka mpaka machozi. Ndipo lilipozaliwa jina la Mlio. Ilikuwa dhihaka. Yeye akaliona jina zuri, akalibeba.

Akapigania na jambo moja zaidi, mpaka likawa sheria ya kituo: laini haiwashwi mpaka kila aliyepanda aitwe upya, ajibu kwa sauti yake mwenyewe, arudie namba yake. Asipojibu, anafuatwa kwa miguu. Hata kama mkuu anafoka. Bwana Zamu aliisimamia sheria hiyo mpaka anastaafu. Katika miaka yote iliyofuata ya Mama Mlio pale kituoni, hakuna fundi wa laini aliyepigwa na umeme kwa sababu sauti yake haikufika. Hata mmoja. Narudia, hata mmoja.

Na Ngazi? Ah, mnataka kujua habari za Ngazi. Siku ya pili baada ya kikao alikwenda chumbani kwa Dada Fundi, amejiandaa kugomba. Anasimulia mwenyewe: "Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamuuliza, mbona uliizima? Akasema, mliniomba. Nikamwambia, sisi tunaomba mengi! Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Yale maneno mengine niliyoyapanga sijui yalikwenda wapi mpaka leo."

Akaanza kupeleka redio yake kwa fundi kila siku. Leo kitufe kigumu, kesho antena imelegea. Redio haikuwa na kasoro yoyote. Mwishowe Mama Mlio akamwambia, "Mgonjwa si redio." Mwaka wa pili wakaoana. Mafundi wote wakawa mashemeji, na harusini walibeba redio zao zote kumi na nane, wakaziliza kwa pamoja. Bibi harusi akasema, huku shela lipo kichwani, "Ya kumi na moja betri yake imechoka."

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili na baraza, na kicheko kisichoisha. Ngazi ni msimuliaji, atawaeleza safari ya dukani kwa saa nzima. Binti yao anasema, baba akivuka dakika moja, mama anatoa mlio mrefu kutoka jikoni, piiiiii. Baba ananyamaza, anahesabu mpaka tano, anaendelea palepale alipoishia.

Miaka kumi na moja iliyopita, Mama Mlio aligundua kivimbe kidogo kwapani alipokuwa anaoga. Binti alikuwa na miaka kumi na minne. "Aliniambia saa ileile," anasema binti. "Akasema kuna kitu mwilini kimelia, kesho naenda hospitali. Wala hakusubiri mwisho wa mwezi." Madaktari walimwambia amewahi. Wakamtibu. Akarudi kazini, akastaafu kwa keki na nyimbo, akamwona binti anaweka cherehani zake mbili kibarazani. Ugonjwa uliporudi, alikuwa ameshapata karibu miaka kumi na moja ya nyongeza. Alikuwa akisema ameridhika, na waliomuuguza wanasema alimaanisha. Jumanne ile aliomba dirisha lifunguliwe, akanywa chai nusu kikombe, akashika mkono wa mumewe. Ikawa basi.

Wasikilizaji wapendwa, sisi sote tuna kitu au mtu anayetuonya na tunamwona mkorofi. Mke anayesema umekonda. Mtoto anayesema baba unaendesha kwa kasi. Goti linalouma kila asubuhi. Mara ngapi tumesema, hebu nyamaza! Leo kabla hujalala, mtafute huyo uliyemnyamazisha. Mwombe aseme tena, na safari hii kaa chini umsikie.

Kwa binti yetu fundi cherehani, kwa Bwana Zamu, kwa mashemeji wote wa kituo, wale waliostaafu na wanaopanda nguzo hata sasa, tunasema poleni sana. Mungu awape moyo. Kazi ya mpendwa wenu tumeiona.

Na kwa Ngazi pia nilikwenda kutoa pole. Nilimkuta barazani, miguu yake mirefu imefika mpaka ngazini, anapokea watu. Nikamwambia, pole mzee wangu, pole kwa kupotelewa na mwenzako. Akanishika mkono, asiuachie. Akasema hivi, nami nayaleta kama alivyoyasema:

"Pole nimepokea, mwanangu. Lakini wa kuzikwa nilikuwa mimi. Alhamisi ile, saa nne na nusu. Yeye angekuja mazishini kwangu, dada mmoja wa ofisini, angekaa nyuma kabisa, angelia kidogo, kisha angerudi kazini. Hata jina langu angelisahau. Sasa tazama. Nimelala naye chumba kimoja miaka ishirini na saba. Jana nimemfukia kwa mikono yangu mwenyewe, mikono ileile iliyokuwa imeshika waya. Nalia, ndiyo. Lakini nalia nikiwa hai."